Ua la Taifa Ambalo Ni Sumu

Wasee, kuna kisiwa ambacho ua lake la taifa ni gugu lenye sumu. Sitanii. Kinaitwa Isle of Man, kiko baharini kati ya Uingereza na Ireland, na kina bunge lake, Tynwald. Ua lenyewe, kwa lugha yao ya Kimanksi, linaitwa cushag.

Ukiliona utalipenda. Ni la manjano na linajiotea tu kando ya barabara. Lakini ng'ombe au farasi akilila sana, ini linaharibika na anaweza kufa. Hata likikauka ndani ya nyasi za mifugo, sumu inabaki. Ni kama watu wa Baringo wachague mathenge kuwa ua la kaunti!

Kwa nini walichague? Hadithi ya huko inasema mfalme wa kale, King Orry, alilipenda kwa sababu petali zake 12 ziliwakilisha visiwa 12 vya ufalme wake. Tamu, ila hesabu inakataa: kwa kawaida petali ni 13.

Mimi naona wa kumsikiliza ni Josephine Kermode, mshairi aliyezaliwa huko 1852. Alipochapisha mashairi hakutumia jina lake. Alijiita Cushag, yaani alijipa jina la gugu. Kitabu chake, Poems by Cushag, kilitoka 1907, na mengi aliyaandika kwa Kiingereza cha wanakijiji, kile kilichochanganyika na maneno ya Kimanksi.

Ana shairi kuhusu ua hili. Habishani na mkulima: anakubali kwamba shambani halina nafasi. Ila vilimani, kando ya vijito, anasema liachwe ling'ae.

Hapo ndipo alinishika. Sisi tumezoea mambo mawili tu. Ama unasifu kwenu bila kutaja ubaya, ama ukiona ubaya unatupa kila kitu. Kermode alitaja sumu wazi, na bado akalitafutia ua mahali pa kukaa.

Kimanksi chenyewe hakikupata bahati hiyo. Wazazi wengi waliona hakina faida, Kiingereza ndicho kingewapa watoto kazi, basi wakaacha kuwarithisha. Sensa ya 1901 ilihesabu wazungumzaji 4,419. Kufikia 1911 walikuwa 2,382. Mwaka 1974 akafa Ned Maddrell, anayetajwa kuwa wa mwisho kulelewa nacho tangu utotoni kwa njia ya zamani. Leo kuna shule ya msingi inayofundisha kwa Kimanksi, kwa hiyo kinarudi, lakini kwa jasho.

Gugu liling'olewa kila mwaka na bado lipo. Lugha iliachwa kwa vizazi vichache tu, ikakaribia kuisha kabisa. Kwa hiyo kabla hujaita kitu cha kwenu takataka, uliza kwanza: ni kibaya kila mahali, ama ni shambani tu?