Watu Kama Madirisha Wazi

Sauti inaweza kupima eneo. Mwaka 1895 chuo cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi mbovu: neno lilivuma sekunde 5 na zaidi. Mwanafizikia Wallace Sabine akapewa kazi ya kuurekebisha. Usiku, mji umetulia, alipuliza bomba la kinanda, akapima kwa saa muda wa mwangwi kufa. Akaongeza mito ya kukalia, akapima tena. Kipimo chake kilikuwa dirisha lililo wazi, maana sauti ikitoka nje hairudi. Mtu mmoja alitoka karibu nusu mita ya mraba.

Hesabu hiyo naileta Eastlands. Serikali ya mkoloni iliwapimia wafanyakazi wengi hapa nafasi ya kitanda tu. Lakini pale ukumbi wa Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940, walikuja kumsikiza Tom Mboya. Watu 200 wakiingia, ni kama umefungua ukuta wa zaidi ya mita 80 za mraba. Mwangwi unakufa haraka, maneno yanashika. Walikuja kusikiza, na miili yao ikasaidia asikike.