Data Hazijitoshelezi: Kutetea Modeli katika Usanifu wa Mifumo ya Udhibiti

Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia aliniletea matokeo yaliyotuduwaza sote wawili. Kwa siku kadhaa alikuwa amerekodi kina cha maji katika tangi la maabara pamoja na nafasi ya vali inayoliingizia maji, kisha akaiachia kompyuta ijifunze tabia ya tangi kutokana na data hizo. Kompyuta ikajibu kwamba vali ikifunguliwa, maji hupungua. Tulikagua kihisi, tukakagua nyaya, tukarudia hesabu, hatukuona kosa. Jibu lilikuwa kwenye kidhibiti. Kila bomba la kutolea maji lilipofunguliwa zaidi, kina kilishuka, na kidhibiti kikaifungua vali ili kufidia. Basi vali ilipokuwa wazi sana ndipo maji yalipokuwa machache. Data zilisema kweli, ila ukweli wenyewe ulihusu kidhibiti, na sisi tulikuwa tumeuliza habari za tangi.

Naanza na tangi hilo kwa sababu lina jibu kwa dai linalozidi kupata wafuasi katika taaluma yetu: kwamba wakati wa kuandika milinganyo ya mtambo kabla ya kusanifu kidhibiti chake umekwisha. Vihisi vimekuwa bei rahisi na hifadhi ya data ni tele, wanasema, kwa hiyo tuondoke kwenye data twende moja kwa moja kwenye kidhibiti. Napinga. Kila kidhibiti kimejengwa juu ya modeli fulani. Msanifu mmoja huitaja modeli yake ikakaguliwa. Mwingine huibeba bila kujua kwamba anayo.

Historia ya mambo haya haina ugomvi. James Clerk Maxwell alichambua kwa milinganyo uthabiti wa magavana, yaani vidhibiti mwendo vya mitambo, mwaka 1868. Ziegler na Nichols walitoa kanuni zao za kurekebisha vidhibiti mwaka 1942, na kanuni hizo hazidai mlinganyo wowote wa mtambo: unaongeza nguvu ya kidhibiti hadi mtambo uanze kuyumba, unapima kipindi cha myumbo, unakokotoa. Kálmán akairudishia modeli kiti cha mbele mwaka 1960. Njia zote mbili zimekuwapo siku zote, na viwandani zimeishi pamoja bila kelele.

Ugomvi unaanzia kwenye tafsiri ya kazi mbili za karne hii. Ya kwanza ni nadharia ya Jan Willems na wenzake ya mwaka 2005, ambayo ndiyo msingi wa sehemu kubwa ya usanifu wa kisasa unaotegemea data. Inathibitisha kwamba rekodi moja ya mwenendo wa mfumo inaweza kubeba ndani yake mienendo yote ambayo mfumo huo unaweza kuifuata kwa muda uliopangwa. Ni matokeo mazuri mno, nami huyafundisha kwa furaha. Lakini yasome masharti yake: mfumo uwe wa mstari, tabia yake isibadilike kwa wakati, uweze kuongozwa, ukomo wa oda yake ujulikane, na ingizo liwe limeuchangamsha vya kutosha. Sharti hilo la mwisho ndilo lililotutatulia suala la tangi. Mwanafunzi aliongeza kwenye amri ya vali misukumo aliyoipanga mwenyewe, isiyotegemea kina cha maji, akaichambua hiyo, na alama ya jibu ikageuka. Je, tulijuaje kwamba jibu la kwanza lilikuwa baya? Tulijua kwa sababu maji yanayoingia tangini huongeza maji tangini. Hiyo ni modeli.

Kazi ya pili ni kidhibiti kilichoongoza plazima katika TCV, mtambo wa utafiti wa myeyungano wa nyuklia huko Lausanne, kilichotangazwa na kampuni ya DeepMind mwaka 2022. Hutajwa kama ushindi wa data dhidi ya fizikia. Huko ni kuupotosha ushahidi. Algorithimu ile ilijifunzia ndani ya programu ya uigaji iliyojengwa kwa milinganyo ya fizikia ya plazima, ndipo ikapelekwa kwenye mtambo. Data zake zilitoka kwenye modeli.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi, hata hivyo, ni wa zamani. Ndege ya tatu ya majaribio ya X-15 ya Marekani ilifungwa kidhibiti cha MH-96, ambacho hakikuhitaji majedwali ya tabia ya ndege katika kila mwinuko na kila mwendo. Kilijifunza kutoka kwa ndege yenyewe ikiwa hewani: kilipandisha nguvu yake hadi mtikisiko mdogo uanze kuonekana, kisha kikaipunguza. Kuanzia Desemba 1961 ndege hiyo ilikamilisha safari 64. Katika safari ya 65, tarehe 15 Novemba 1967, rubani Michael Adams alipanda futi 266,000, zaidi ya kilomita 80. Ndege ikaelekea upande, ikaingia katika mzunguko ikiwa na kasi ya takriban mara tano ya ile ya sauti. Adams akafaulu kuitoa katika mzunguko huo. Ilipokuwa ikishuka kwenye hewa nzito, kidhibiti kilikuwa kimenaswa katika mtikisiko uliofika kikomo cha uwezo wake, na nguvu iliyofaa hewa nyepesi haikupunguzwa. Ndege ikavunjika angani, Adams akafa.

Sisemi kwamba MH-96 ndiyo chanzo pekee. Hitilafu ya umeme ilitangulia, na rubani alipotoshwa kuhusu uelekeo wa ndege. Lakini kanuni ya kidhibiti hicho ilibeba dhana isiyoandikwa: kwamba mabawa ya kuongozea yataweza daima kufuata amri kwa kasi inayotakiwa. Safari 64 hazikutoa data za kuikanusha. Hata zingekuwa 640 za aina ileile, zisingetosha.

Nitajibiwa kwamba modeli nazo hudanganya. Kweli. John Doyle alionyesha mwaka 1978 kwamba kidhibiti bora kabisa kwa mujibu wa modeli yake kinaweza kukosa kabisa akiba ya uthabiti pale mtambo unapotofautiana kidogo na modeli hiyo. Hata hivyo Doyle aliweza kuuonyesha udhaifu huo kwa kalamu na karatasi, kwa sababu modeli ilikuwa mezani. Udhaifu wa MH-96 ulionekana angani.

Kwa hiyo nawaomba wahariri na wasimamizi wa tasnifu: anayewasilisha kidhibiti kilichotokana na data aandike data zilikusanywa kidhibiti gani kikiwa kazini, mtambo ulichangamshwa vipi, na ni hali zipi hazikurekodiwa. Asiyeweza kuyaandika hayo, kidhibiti chake kisifungwe kwenye mtambo wenye watu.