NG'OMBE ALIYEJIFICHA NDANI YA NENO (Historia ya chanjo, sehemu ya 3)



Wiki hii kliniki hapa Nkoma nimeulizwa swali moja na akina mama watatu tofauti: "Nesi, ni kweli chanjo ni ng'ombe?" Chanzo chake ni binti wa sekondari aliyekuta kitu kwenye kamusi akakipeleka nyumbani, na nyumbani kikakua. Mmoja wa mama hao tayari alikuwa amemchelewesha mtoto wake dozi ya miezi 18. Kwa hiyo leo tukae na hilo neno.

Kama una mtoto anayesoma Kiingereza, mwite. Mpe kamusi yake na herufi nne: V, A, C, C, zifuatane hivyohivyo. Atakuletea vaccine, vaccinate, vaccination, labda na vaccinator. Maneno machache tu, na yote ni ndugu. Mwambie awe makini na zile C mbili. Akiandika C moja atakuletea vacant, vacation na vacuum, ambayo ni ukoo mwingine kabisa, ukoo wa kitu kilicho wazi au kitupu. Walimu wanajua watoto wanavyokosea hapo kwenye mtihani.

Sasa, "vacca" kwa Kilatini ni ng'ombe jike. Binti yule hakudanganya. Kazi ni kujua ng'ombe aliingiaje.

Zamani ndui iliua watu kila kona ya dunia, na waliopona walibaki na makovu usoni, wengine wakapofuka. Huko Uingereza, kijiji cha Berkeley, kulikuwa na daktari anaitwa Edward Jenner. Wafugaji wa kule walikuwa wakisema kwamba wasichana wanaokamua ng'ombe wakishapata vipele vya ndui ya ng'ombe mikononi, ndui ya watu haiwapati. Tarehe 14 Mei 1796 Jenner alichukua usaha kwenye kipele cha mkamuaji mmoja, Sarah Nelmes, akaupaka kwenye mikwaruzo mkononi mwa mtoto wa miaka 8, James Phipps. Baadaye akamwekea ndui yenyewe. Mtoto hakuugua. (Leo jaribio la namna hiyo kwa mtoto halikubaliki, na ni sawa kabisa lisikubalike.) Jenner akaandika kitabu mwaka 1798, ndui ya ng'ombe akaiita kwa Kilatini "variolae vaccinae". Mwaka 1800 rafiki yake, daktari Richard Dunning, akatengeneza neno "vaccination". Hapo mwanzo lilihusu ndui tu. Mwaka 1881 Louis Pasteur, akiwa London, akapendekeza litumike kwa kinga zote za aina hiyo, kumheshimu Jenner. Ndiyo maana leo hata tone la polio, ambalo ng'ombe hana habari nalo, linabeba jina lake.

Niongeze jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Kabla ya Jenner, watu wa Afrika na Asia walishakuwa wanakwaruza ngozi na kuweka usaha wa ndui ili mtu augue kidogo asife. Huko Boston, Marekani, Mwafrika mtumwa aliyepewa jina Onesimus ndiye aliyemweleza bwana wake njia hiyo, na mlipuko wa 1721 ulipofika ikatumika. Kiswahili chetu kimekumbuka sehemu hiyo kuliko Kiingereza. Kiingereza kinasema ng'ombe, sisi tunasema chanjo, kutoka kuchanja, kukata ngozi. Mimi naliona letu ni bora, linasema kilichofanyika.

Haya, turudi kwenye hofu. Je, kuna chanjo ya mtoto wako iliyotoka kwa ng'ombe kweli? Ipo moja, na sitaificha: BCG, ile ya kuzaliwa, inayoacha kovu dogo begani. Herufi B ni bacille, yaani bakteria, C ni Calmette, G ni Guérin. Albert Calmette alikuwa daktari wa watu, Camille Guérin daktari wa mifugo, wote wa Lille, Ufaransa. Walianza mwaka 1908 na bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, wakamkuza kwenye viazi vilivyopikwa kwa nyongo ya ng'ombe, wakamhamisha kila baada ya wiki chache, mara 230, miaka 13, mpaka akakosa nguvu ya kuleta ugonjwa. Mwaka 1921 huko Paris, mtoto wa kwanza akanyweshwa. Mama yake alikuwa amekufa kwa kifua kikuu baada ya kumzaa, na bibi aliyekuwa anakwenda kumlea alikuwa nacho pia. Mtoto yule hakuugua kifua kikuu.

Haikuwa safari safi yote. Mwaka 1930 mji wa Lübeck, Ujerumani, maabara ilichanganya chanjo na bakteria wakali, na watoto zaidi ya 70 wakafa. Nawaambia kwa sababu mtu akija kuwatisha na habari hiyo, mjue mmeshaisikia kwangu, na mjue kosa lilikuwa pale maabara.

BCG humkinga mtoto mdogo hasa na kifua kikuu kikali, kile cha ubongo. Haizuii kila kitu. Sisi wafugaji, maziwa yachemke kwanza, maana ng'ombe mgonjwa hupitisha ugonjwa humo.

Dozi ya miezi 18 ni ya surua na rubela. Hiyo haikutokana na ugonjwa wa ng'ombe. Kwa baadhi ya chanjo za surua, kirusi kilichodhoofishwa hukuzwa kwenye seli za kiinitete cha kuku.

Na ndui? Mgonjwa wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, Oktoba 1977. Aliwahi kufanya kazi kwenye kampeni ya kuchanja, lakini mwenyewe alikwepa, aliona inauma. Alipona. Tarehe 8 Mei 1980 dunia ikatangazwa haina ndui. Baadaye Maalin alizunguka kwao akiwashawishi wazazi wachanje watoto polio, akiwaeleza yaliyompata yeye, mpaka alipofariki mwaka 2013.

Mama ambaye kadi ya mtoto ina nafasi tupu kwenye miezi 18, hata kama mtoto sasa ana miaka miwili, njoo nayo kliniki. Usiogope kugombezwa. Sehemu ya 4 ni historia ya surua.