Rosa Jukwaani Singida: Mwandishi Alipogeuzwa Mhusika

Tulikwenda kuangalia Rosa Mistika, tukaonyeshwa Kezilahabi. Hayo ndiyo malalamiko yangu, na katika makala haya nitajaribu kueleza kwa nini jambo hilo si dogo kama walivyoliona wale waliopiga makofi.

Ilikuwa Singida mjini, wakati wa likizo, katika ukumbi uliojaa wanafunzi wa sekondari, wengi wao wasichana. Kikundi kimoja cha vijana (jina nalihifadhi, maana walijitahidi na kiingilio kilikuwa cha kuoneana huruma) kilikuwa kimeigeuza riwaya kuwa mchezo wa kuigiza. Upepo wa Singida mnaujua; mabati yalipiga kelele hadi waigizaji ikabidi wapayuke. Hilo silihesabu kuwa kosa. Kosa lilianza pale alipoingia bwana mmoja mwenye miwani na daftari, akajitambulisha kuwa yeye ndiye Mwandishi. Kuanzia hapo hakutoka tena jukwaani. Rosa akilia, yeye anaandika. Ulipofika wakati wa Charles kuja kuposa, bwana yule yule akavua miwani, akawa Charles! Yaani riwaya nzima, kumbe, ni kidonda cha mapenzi cha mtu mmoja wa Ukerewe.

Tusidanganyane, wazo hilo halikutoka hewani. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, Ukerewe, na nyumba ya Zakaria na Regina ipo Namagondo hiyo hiyo. Alisoma Seminari ya Nyegezi, Mwanza, kisha Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Riwaya ilitoka mwaka 1971, mwenyewe hajafikisha hata miaka 30. Rosa naye anavuka ziwa kwenda kusoma Mwanza. Mhakiki mwenye haraka anaunganisha nukta hizo na kuona amemaliza kazi. Lakini mandhari kuwa ya kweli hakumfanyi Rosa kuwa mchumba wa mtu.

Hapa historia ya kitabu chenyewe inatusaidia. Kilipotoka kilizua kelele, kikapigwa marufuku mashuleni kwa madai kwamba ni kichafu. Baadaye kiliruhusiwa, na hatimaye kikasomwa na kutahiniwa katika sekondari hizo hizo. Walioogopa waliona msichana wa shule anayelala na wanaume, na msimulizi asiyemfunika shuka. Hawakuuliza aliyemfikisha hapo ni nani. Na riwaya imejibu swali hilo mapema kabisa: Zakaria, baba mlevi anayempiga mkewe, anagundua barua ya Charles kwa bintiye na kumpa Rosa kipigo cha kikatili. Barua tu! Kwa maoni yangu tukio hilo ndilo roho ya kitabu. Mtoto hakufundishwa kujichunga, alifundishwa kuogopa. Alipofika Mwanza fimbo haikuwepo, na woga ukakosa kazi. Halafu jamii ile ile iliyomlea kwa fimbo inarudi baadaye, safari hii kwa sura ya Charles, ikidai bikira. Charles hapigi mtu. Anamkataa tu, na Rosa anajiua.

Sasa tazama kilichotokea jukwaani. Kipigo cha Zakaria kilichukua kama dakika moja hivi. Fimbo mbili za kuigiza, ukumbi ukacheka, baba akatoka. Kilio cha Charles kilichukua karibu robo saa. Kwa kuwa Charles sasa ndiye Mwandishi, na Mwandishi ndiye tuliyeambiwa tumpende, aliyemkataa Rosa akageuzwa kuwa mfiwa mkuu. Waliopiga marufuku walimlaumu mwandishi, na vijana wetu wakampa pole. Pande zote mbili zilimwacha Zakaria aende zake.

Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile (1969) alikuwa na mtu aliyeishi kweli, wa vita vya Maji Maji, na bado aliona umuhimu wa kumtahadharisha msomaji kwamba Kinjeketile wa mchezo ni mtu wa kubuni. Kama aliyeishi anahitaji tahadhari hiyo, sembuse Rosa?

Sisemi maisha ya mwandishi ni mwiko. Kama kikundi kilitaka kuyatumia, mlango ulikuwa wazi, ila wao walipita dirishani. Kijana aliyesoma seminari, mahali pa kengele, nidhamu na kutengwa na wasichana, anaandika juu ya msichana anayetengwa na wavulana. Hapo kuna mchezo! Malezi ya kufungia, ya kanisani na ya nyumbani, yangeweza kusimama jukwaani bila kumzulia marehemu (Kezilahabi alifariki Januari 2020) mchumba asiyethibitishwa na yeyote. Ila kazi hiyo ingetaka usomaji. Miwani na daftari vinapatikana sokoni.

Na watazamaji ni nani? Ni wasichana waliokulia katika nchi ambayo mpaka Novemba 2021 mwanafunzi aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi kwenye shule yake ya serikali. Penina Muhando alikwishalileta suala la msichana na mimba jukwaani katika Hatia mwaka 1972, kwa hiyo hatuwezi kusema hakukuwa na mfano wa kufuata. Wale watoto walikuwa na haki ya kumwona Zakaria kwa muda wa kutosha, wamtambue.

Mwishoni kulikuwa na nafasi ya maswali. Binti mmoja wa safu ya mbele alisimama, akamwamkia yule bwana wa miwani shikamoo, kisha akauliza, "Samahani kaka, eti huyo Rosa alikuwa mchumba wake kweli?" Ukumbi ukachangamka. Likafuata swali la pili kuhusu mchumba, na la tatu. Zakaria alikuwa amekaa pembeni, ameshavua koti lake la mchezo, anakunywa soda. Hakuna aliyemuuliza kitu.