Safu ya lugha: Kiraka kisichoziba tundu

Kiraka hushonewa palipotoboka. Watangazaji wa mpira wamelichukua neno hilo kwa mchezaji anayepangwa namba yoyote, na waandishi wa programu kwa badiliko dogo la msimbo linalotumwa likaguliwe.

Kwenye mfumo endeshi wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, sehemu kubwa ya msimbo ni viendeshi, yaani programu zinazouwezesha mfumo kuzungumza na kadi ya mtandao, kamera au printa. Humo viraka vingi havizibi chochote. Vinafuta mstari usiotumika, vinanyoosha nafasi, vinafupisha.

Hivyo ndivyo vinavyotaka jicho kali. Tuseme kiendeshi kinapoondolewa huzima kwanza ishara za kifaa, kisha huachia kumbukumbu. Kinakuja kiraka cha usafi: kazi ya kuzima ishara iachiwe mfumo, uifanye wenyewe mwishoni. Mstari umepungua, msimbo unapendeza. Ila sasa kumbukumbu inatangulia kuachiwa, na ishara ikiingia hapo katikati, kiendeshi kinagusa mahali pasipo pake tena. Mashine nzima inaweza kuganda. Na mara nyingi mtumaji hana hata kifaa chenyewe cha kujaribia!

Kwa hiyo napendekeza jina kiraka libaki kwa kinachoziba kasoro. Mabadiliko haya mengine tuyaite usafishaji, na mkaguzi akiliona neno hilo aanze na mistari iliyofutwa, akiuliza kila mmoja ulikuwa unazuia nini.