Ganzi ya mguu afisini: Lini ni uchovu, lini ni onyo?

NI saa nane za mchana katika mojawapo ya afisi za uwakala wa forodha kisiwani Mombasa. Karani aliyeketi tangu asubuhi anainuka kuchukua faili, mara mguu wa kushoto unamkataa. Anashika ukingo wa meza, anaugongagonga unyayo sakafuni na kusubiri uhai urejee.

Kisa kama hiki si kigeni kwa wakazi wa Bondeni ambao kila siku hutoka kwenda kufanya kazi katika afisi za Barabara ya Digo, Barabara ya Moi na Treasury Square. Aghalabu ganzi huondoka baada ya dakika chache na mwenyewe akaisahau. Hata hivyo, kuna ganzi ambayo ni onyo, na anayeipuuza huenda akaupoteza mguu.

Ganzi hutokea vipi?

Mguu huhisi kupitia mishipa ya fahamu inayotoka katika uti wa mgongo. Mshipa mkuu, ambao ndio mnene kuliko yote mwilini, hupita matakoni na nyuma ya paja kabla ya kugawanyika karibu na goti. Unapoukalia au kuubana, habari hazifiki kwenye ubongo na damu inayoulisha hupungua. Ukiinuka, mshipa huanza kazi upya, nawe huhisi kuchomwachomwa kama kwa sindano.

Mahali ganzi ilipo hudokeza chanzo chake. Anayependa kukunja nne hubana mshipa unaopita upande wa nje wa goti, mahali ambapo umelala juu ya mfupa bila nyama ya kuukinga. Ganzi yake huwa juu ya wayo na kando ya muundi. Mshipa huo ukiumia zaidi, mtu hushindwa kuinua wayo na vidole hukwaruza sakafu anapotembea.

Ganzi ya upande wa nje wa paja mara nyingi husababishwa na mshipi au suruali inayobana kiunoni, au na uzito wa tumbo. Nayo ganzi inayoteremka kutoka kiunoni hadi unyayoni, ikiandamana na maumivu ya mgongo, huweza kuashiria kwamba gegedu lililo kati ya pingili za uti limetokeza na kuusukuma mshipa.

Si kiti pekee

Kosa la wengi ni kukilaumu kiti kwa kila kitu. Ganzi inayoanzia vidoleni mwa miguu yote miwili na kupanda polepole, hasa ikizidi usiku, haisababishwi na kuketi. Chanzo kinachojulikana sana ni kisukari, maradhi yanayoweza kukaa mwilini kwa miaka bila mtu kujua. Sukari inayofikia 7.0 mmol/l au zaidi kabla ya kula chochote, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni dalili ya ugonjwa huo.

Vyanzo vingine ni upungufu wa vitamini B12, ulevi na baadhi ya dawa. Dawa ya metformin, inayotumiwa na wagonjwa wengi wa kisukari, huweza kupunguza vitamini B12 ikitumiwa kwa miaka mingi. Isoniazid, dawa ya kifua kikuu, hudhuru mishipa ya fahamu mgonjwa asipopata vitamini B6 ya kutosha. Ukoma nao haujatoweka duniani. Baka la ngozi lisilohisi mguso linafaa kuonyeshwa daktari.

Wapo wanaodhani ni baridi tu, wakaukanda mguu kwa maji ya moto. Mguu usiohisi hauwezi kukuonya kwamba maji yanaunguza. Kidonda kidogo kilichotokana na maji hayo, au na msumari uliopenya kandambili, huweza kuoza pasipo maumivu hadi mguu ukatwe.

Jipime nyumbani

Fumba macho, kisha mtu wa nyumbani akuguse taratibu kwa ncha ya kidole, bila kubonyeza, kwa sekunde moja au mbili. Aguse ncha ya kidole gumba, cha tatu na cha mwisho katika kila mguu. Usipohisi mguso mahali pawili au zaidi kati ya hapo 6, nenda ukapimwe.

Zipo dalili zisizongoja kesho. Ganzi ya ghafla ya upande mmoja wa mwili, uso kupinda au ulimi kuwa mzito ni dalili za kiharusi. Ganzi ya sehemu za siri na kati ya mapaja, pamoja na kushindwa kukojoa au kuzuia haja, huashiria mishipa iliyobanwa vibaya mgongoni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, huenda damu imeganda ndani. Mwenye dalili hizi akimbizwe hospitalini mara moja. Kwa wakazi wa kisiwani, Hospitali ya Coast General ipo karibu.

Kinga

Inuka kila baada ya nusu saa, hata kama ni kwenda kunywa maji. Nyayo zote mbili zikae sakafuni. Kiti kikiwa kirefu, weka kigoda chini yake. Acha kukunja nne na utoe pochi kwenye mfuko wa nyuma.

Mwajiri naye ana wajibu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka alinde afya ya wafanyakazi wake, na mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama na afya. Kiti kibovu ni suala la kufikishwa mbele ya kamati hiyo.

Mshipa wa fahamu ulioharibika hukua kwa takriban milimita 1 tu kwa siku, hivyo kupona huchukua miezi, na pengine usipone kabisa. Ganzi inayorudi kila siku, au isiyoondoka baada ya kutembea, ipeleke kwa daktari ingali changa.