Ukali wa Mfiwa

Riwaya ya mzee mkali aliyefiwa, anayewafukuza watoto uani kwake mpaka siku mtu mmoja anapomlainisha moyo, inapendwa duniani kote. Sisi waandishi chipukizi nasi tunaitamani. Lakini kabla ya kushika kalamu tuulizane: upweke wa mzee huyo umetoka wapi? Historia ya kwetu ina jibu lake.

Mbulumbulu iko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, jirani na msitu wa Ngorongoro. Wairaqw wengi wa hapa ni wajukuu wa watu waliohama kutoka Mama Isara, huko Mbulu, wakitafuta mashamba na malisho. Walihama na ng'ombe wao, wakahama na mila zao pia. Mojawapo ni metimani.

Metimani ni hali ya kutengwa. Mtu aliyefiwa na mwenzi wake, au na mtoto, alihesabiwa kuwa na unajisi unaoweza kuwapata wengine. Hakuingia nyumba za majirani wala hakukaa nao kwenye pombe. Alijiepusha na chemchemi, maana humo wanakaa neetlaang'w, pepo wa majini. Muda wake ulitegemea aina ya msiba. Hakuwa mkosaji hata kidogo. Kilichoogopwa ni kifo kumfuata na kuingia katika boma la mtu mwingine.

Sasa fikiria, bwana. Mtoto wa jirani anakuja mbio kumsalimia mfiwa. Mzee anampigia kelele: rudi kwenu! Mpita njia atasema, eti huyu mzee ana roho mbaya. Kumbe anamlinda mtoto! Ukali ule ni huruma.

Pwani mambo ni kinyume. Kule kuna matanga, ndugu na majirani wanajaa nyumbani, wanalala hapo hapo, na mfiwa haachwi peke yake. Upweke wa namna ya tatu tunaukuta kwa Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962. Katika Utubora Mkulima, kitabu kilichotoka mwaka 1968, Utubora anarudi kutoka vitani, kisha anaacha kazi ya mjini na kwenda kushika jembe. Upweke ule aliuchagua mwenyewe. Mfiwa wa metimani hakuchagua.

Katika karne ya 20, makanisa ya Kikatoliki na Kilutheri yalipoenea, mila hii ililegea. Siku hizi majirani wanakuja msibani, wanachimba kaburi, wanapika, wanaimba. Ni jambo jema. Ila ninaogopa kitu kimoja: kwamba sisi vijana tutaandika kana kwamba wazee wetu walikuwa makatili, na rafiki wa kwenye riwaya ni msomi aliyekuja kuwafumbua macho.

La hasha! Rafiki wa kweli katika hadithi yetu awe mtu anayeamini kama wenzake. Anaogopa unajisi, ana watoto, ana ng'ombe, na bado hawezi kumsahau mwenzake. Hapo ndipo urafiki una bei. Namwona asubuhi na mapema akiweka kibuyu cha maziwa mbali kidogo na nyumba ya mfiwa, anakohoa mara moja ili asikike, kisha anaondoka. Kibuyu hicho anajua hatakidai tena.